Tracy Chapman ana nini cha ajabu?

SWALI: Shikamoo Anti. Mama yangu kila Jumapili akianza kupiga pasi lazima aweke Tracy Chapman, ni Fast Car mpaka nguo ziishe. Mimi naona huyo dada hachezi, hapandishi sauti, gitaa linarudia kitu kile kile mwanzo mwisho. Nikisema anaboa mama ananuna kweli. Watu wanapenda nini pale? Na bado anaimba au alishaacha? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mama yako yuko sawa, hilo tulimalize mapema. Ila na wewe una masikio, gitaa kweli linazunguka pale pale, sema hujajiuliza kwa nini.

Fuatilia stori ya Fast Car. Binti kaacha shule amtunze baba mlevi maana mama keshaondoka, anapata jamaa mwenye gari, wanahamia mjini, yeye anakuwa keshia dukani akiamini mambo yatanyooka, jamaa naye anaishia baa, marafiki anawaona kuliko watoto wake. Yaani katoka kwa mlevi kaangukia kwa mlevi, na gitaa muda wote huo halijatoka pale lilipoanzia. Kwenye kiitikio ndo ngoma zinaingia kwa nguvu, anakumbuka usiku ule wa kwenye gari, taa za mji, mkono wa jamaa begani, wimbo unapanuka kidogo tu halafu unarudishwa kwenye gitaa lile lile. Mwanzoni anamwambia jamaa inabidi tuamue, tuondoke leo au tuishi hivi mpaka kufa. Mwishoni anamwambia amua wewe, gari chukua, nenda zako. Na sauti hapandishi hata kidogo! Mwingine hapo angepiga kelele, kwaya ingeingia, violini juu. Yeye anaongea kama mtu aliyeshalia jana yake, leo anakupa taarifa tu, na ndo maana inauma.

Halafu usidhani ule upole ni woga. Tarehe 11 Juni 1988, uwanja wa Wembley, London, kulikuwa na tamasha la kutimiza miaka 70 ya Mandela, mwenyewe bado yuko gerezani. Tracy alishapanda mapema akamaliza zamu yake. Jioni Stevie Wonder anataka kupanda, kumbe diski yenye sauti za kinanda chake haionekani, akaondoka. Waandaaji wakamrudisha jukwaani huyu binti wa Cleveland, aliyezoea kupigia wapita njia pale Harvard Square, mtaa wa karibu na Chuo Kikuu cha Harvard, na gitaa kavu na maiki basi, mbele ya uwanja mzima na televisheni za nchi kibao. Albamu yake ya kwanza, hiyo yenye Fast Car, ilikuwa na kama miezi miwili tu sokoni, baada ya pale ikapanda mpaka namba moja, Marekani na Uingereza pia.

Kuhusu kuimba, albamu mpya hajatoa tangu 2008. Ila 2023 Luke Combs, mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani, aliurudia Fast Car na (hili nalipenda sana) maneno ya keshia hakugusa, mwanaume na midevu yake anaimba kwamba yeye ni dada wa keshia, wala hajali. Wimbo ukampa Tracy tuzo ya Wimbo wa Mwaka ya CMA, tuzo za chama cha muziki wa country Marekani, mwaka huo huo, mtunzi mweusi wa kwanza kushinda tuzo hiyo. Februari 2024 wakaupiga wote wawili kwenye Grammy, Tracy nywele zimeshaingia mvi, sauti haijaenda popote. Tafuta video uone jamaa anavyomwangalia mwenye wimbo.

Jumapili ijayo mwambie mama akuwekee Behind the Wall, albamu hiyo hiyo ya kwanza. Humo hata gitaa hakuna, ni sauti tupu, jirani anasikia mwanamke anapigwa upande wa pili wa ukuta na polisi wakija wanakuja wamechelewa. Ikikuboa na hiyo niandikie tena tubishane vizuri.