Mtawala Ibadhi, raia Shafi: jibu langu kwa swali la dini

Mhariri salaam, na nyie wasomaji wenzangu. Swali la wiki limeuliza dini kubwa za dunia zilienezwa na nini zaidi, upanga, biashara au mahubiri. Naona wengi watakimbilia upanga maana ndo tulivyosomeshwa, ila mi nataka nianzie hapa hapa pwani kwetu afu ndo nitoke nje, kwa sababu pwani kuna mfano ambao watu wanapishana nao kila siku wala hawashtuki.

Waomani. Walimtoa Mreno pale Fort Jesus mwaka 1698, baadae sultani wao Seyyid Said akahamishia makao yake Unguja kwenye miaka ya 1830 na kitu, na ukoo wake ukakalia kiti mpaka Mapinduzi ya 1964. Hao ni Ibadhi, madhehebu ya Kiislamu ambayo si Sunni wala Shia. Bunduki wanazo, mashamba ya karafuu wanayo, forodha ya kwao, na Sultani Barghash hata mtambo wa kuchapia vitabu aliuleta Unguja ukawa unatoa vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, ya Kiibadhi. Sasa nenda Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa, Tanga, Bagamoyo, uliza Waswahili wa hapo wanafuata madhehebu gani. Shafi, moja ya madhehebu ya Kisunni, karibu wote. Yaani mtawala Ibadhi raia Shafi zaidi ya karne nzima, na kilichonichekesha niliposoma ni kwamba waliohama ni wakubwa: akina Mazrui waliokuja kutawala Mombasa walikuwa Waomani Ibadhi, polepole wakawa Shafi, mmoja wao Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui akawa mwanachuoni mkubwa wa Kisunni na Barghash akamtia ndani. Hao ni Waislamu kwa Waislamu, tofauti zao si kubwa hivyo, na bado dola imeshindwa kuwahamisha watu hatua moja! Sasa mtu aniambie dola ingeweza vipi kirahisi kumtoa mtu dini moja kumpeleka nyingine kabisa.

Shafi ilifikaje basi? Ilikuja na upepo. Mabaki ya msikiti wa miti yamefukuliwa Shanga, kisiwani Pate, ni wa karne ya 8, na ule wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu tayari ni Shafi na akaandika hivyo. Mfanyabiashara wa Hadhramaut na Yemen alikuwa anashuka na kaskazi, Disemba mpaka Machi hivi, na kurudi hawezi mpaka kusi ianze, kwa hiyo anakaa mjini miezi, na biashara ikimchelewesha kusi inampita, ndo mwaka mzima huo. Mtu wa kukaa miezi anataka pa kulala, pa kuswali, mtu wa kumwamini na mzigo, na mwishowe anaoa. Akishaoa watoto wanazaliwa wanapelekwa chuoni kusoma Kurani. Hapo hakuna jeshi, na mahubiri yenyewe si ya kusimama sokoni kupiga kelele.

Na jamaa huyo huyo alikuwa anafanya hivyo bahari nzima. Angalieni ramani: pwani yetu Shafi, Komoro Shafi, Kerala kule kusini mwa India Waislamu wake wengi Shafi, Maldivi ambao walikuwa Mabudha mpaka mfalme wao aliposilimu mwaka 1153 nao Shafi, Sumatra, Java, Malaysia wote Shafi. Lakini Waislamu wa kaskazini mwa India ni Hanafi, madhehebu mengine ya Kisunni, kwa sababu kule dini iliingia kwa nchi kavu kutokea Asia ya Kati na Afghanistan. Madhehebu ni kama muhuri kwenye pasipoti, unajua mtu aliingilia mpaka gani. Na Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 200, hakuna jeshi la Waarabu lililowahi kutia mguu kule. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwepo Java, sikatai, ila hao ni masultani wa kienyeji walioshasilimu zamani.

Sasa mtasema basi jibu lake ni biashara. Ngojeni kwanza. Biashara peke yake nayo haitoshi na ushahidi upo hapo hapo Unguja. Nani alikuwa na hela Unguja ya karne ya 19? Banyani, wafanyabiashara Wahindu kutoka India. Nyumba ya Jairam Sivji ndo iliyokodi forodha yote ya Sultani, kila jino la tembo lililopita lazima liwanufaishe wao, Sultani mwenyewe alikuwa anakopa kwao. Waswahili wangapi wakawa Wahindu? Labda mtu mmoja mmoja, mi sijamsikia. Na Waparsi vilevile, hawa dini yao ya Zarathustra ilizaliwa Iran, wakakimbilia Gujarat, wengine wakafika mpaka Unguja wakajenga na hekalu lao la moto, hata yule mwimbaji Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 ni mtoto wa familia ya Kiparsi. Ila Waparsi wa India hawapokei muongofu, unazaliwa ndani au ndo basi, na sensa ya India ya 2011 iliwakuta kama 57,000 tu kwa nchi nzima ya watu zaidi ya bilioni moja. Kwa hiyo mzigo, jahazi na hela ni zile zile, tofauti ni kwamba mmoja anakukaribisha ndani na mwingine hataki, wala simlaumu, dini nyingine hazina kabisa mpango wa kuwa za kila mtu.

Na bara ndo kunaonesha zaidi. Misafara ilienda Tabora na Ujiji miaka na miaka, pembe zikashuka na watumwa wakashuka, lakini waliosilimu wakati ule ni wachache, ni wa mijini na kwenye vituo vya misafara. Watu wa Tanganyika walisilimu kwa wingi baadae, chini ya Mjerumani na Mwingereza, yaani wakati ambao Waislamu hawana dola wala bunduki! Waliofanya hiyo kazi ni watu wa tarika, yaani vyama vya Kisufi vya kumdhukuru Mungu, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo kwa sababu huyu mtu napenda habari zake. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo aliletwa mtoto mdogo kutoka Manyema, Kongo, mtumwa, akanunuliwa na Mwarabu wa pale. Akasoma akasoma, mpaka akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria, mji mzima unamwangalia yeye na wanafunzi wanatoka mbali. Mtumwa wa jana ndo sheikh wa leo. Sasa wewe mtu wa bara, uliyekuwa unaitwa mshenzi na waungwana wa pwani, ukimwona huyo si unaona na wewe mlango upo? Lamu nako Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Komoro, aliwasomesha watoto wa watumwa na maskini, wakubwa wa mji wakanuna, leo msikiti wake wa Riyadha unajaa watu wakati wa maulidi na walionuna hakuna anayewakumbuka.

Na Bagamoyo hiyo hiyo, kutembea kidogo tu, mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 na Wakristo wao wa mwanzo ni watumwa waliokombolewa. Mji mmoja, dini mbili, zote zimekua kwa watu ambao hakuna aliyekuwa anawataka.

Kuhusu mahubiri. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, akazika mke na mtoto mwaka huo huo, mwenzake Rebmann akamfuata 1846, wakakaa Rabai wakihubiri, na waliobatizwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Na hao watu hawakuwa wavivu, wamejua lugha na wametembea mpaka wameiona theluji ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Ila walikuwa wageni wawili. Buganda ilikwenda mbio kwa sababu vijana wa ikulu ya Kabaka, mfalme wao, waliishika dini wenyewe, wakachomwa Namugongo 1886 na bado haikuzimika, baadae Waganda wenyewe ndo wakawa wanatoka kwa miguu kwenda kwa majirani. Apolo Kivebulaya alienda Toro akavuka mpaka Mboga, Kongo, mwaka 1896. Muulize Mwanglikana wa Kongo mashariki kanisa lake lilianzia wapi, atakutajia Mganda huyo.

Turudi kwenye upanga maana sijaumaliza. Mreno alikaa Mombasa na ngome na mapadri wa Augustino kuanzia miaka ya 1590. Mtoto wa sultani, Yusuf bin Hasan, baba yake aliuawa kwa njama zao, yeye wakampeleka Goa, wakambatiza Dom Jerónimo, wakamsomesha, wakamrudisha awe mfalme wao wa Kikristo. Ukitaka kumtengeneza mtu kwa nguvu huwezi kufanya zaidi ya hapo. Akaonekana anaomba dua kwenye kaburi la baba yake Kiislamu, akachongewa, na Agosti 1631 akaingia ngomeni akamuua kapteni, na Wareno wa mji wakaisha. Walirudi baadae, lakini walipotolewa 1698 hawakuacha jumuiya yoyote ya Wakristo kati ya Waswahili. Na India ni vilevile: masultani na wafalme Waislamu walikaa Delhi kuanzia 1206 mpaka 1857, ila walio wengi maeneo ya Delhi walibaki Wahindu, na waliosilimu kwa wingi ni wakulima wa mashariki mwa Bengal, mbali na ikulu, kule ambako masufi walikuwa wanaongoza watu kufyeka msitu na kulima mpunga.

Amerika ya Kusini na Kati naitoa, pale upanga ulifanya kazi, nisidanganye. Ila angalieni ulivyofanya: Mhispania na Mreno hawakushinda vita wakarudi kwao, walihamia, wakachukua ardhi, magonjwa yakaua wenyeji wengi mno, waliobaki wakachanganyika nao damu kwa kutaka au kutotaka, na sasa Brazil ndo nchi yenye Wakatoliki wengi kuliko zote. Hispania yenyewe nayo iliwatimua Wayahudi 1492, na kuanzia 1609 ikawafukuza hata wajukuu wa Waislamu ambao walishabatizwa, maana yake karne nzima ya kulazimisha na bado hawakuwaamini kama wamekuwa Wakristo kweli. Kwa hiyo upanga ukitaka ufanye kazi uondoe watu au uhamie jumla.

Kama mhariri unalazimisha nitiki kiboksi kimoja basi natiki biashara, huku nalalamika. Ila na mimi nina swali, kuna mtu hakai kwenye kiboksi chochote kati ya vyenu vitatu. Ubudha ulizaliwa India, ukaenda Sri Lanka enzi za mfalme Ashoka, ukaenda China na misafara, ukaenda mpaka Japani, na nyumbani ukafifia mpaka karibu uishe. Oktoba 1956 mwanasheria mmoja, Ambedkar, aliyezaliwa kwenye tabaka la wasioguswa na akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, akasimama Nagpur akatangaza kuwa Budha, na laki kadhaa ya watu wa tabaka lake wakafuata siku ile ile. Mabudha wengi wa India leo wako jimbo lile la Maharashtra na ni hao na watoto wao. Hana jeshi, hana duka, na mahubiri yake makubwa yalikuwa kwamba tumechoka kudharauliwa. Huyo mnamweka wapi?