Picha ya filamu ikishatoka nje ya banda

Ndani ya banda la video kuna mlango, kiti, tiketi na mtu wa kumrudisha mtoto nyumbani. Nje hakuna hata kimoja. Wanaobishana kuhusu mabango ya filamu yenye picha za kimahaba mara nyingi huliruka hilo. Wanabishana kama filamu ni nzuri au mbaya, huku bango lenyewe liko ukutani Mwanjelwa, hapa Mbeya, saa moja asubuhi na watoto wa darasa la pili wanapita chini yake wakienda shule.

Filamu ya watu wazima waonyeshwe watu wazima, hatuna ugomvi nayo. Lakini bango lake la nje linapaswa kumfaa mtoto mdogo kuliko wote wanaopita barabara ile, kwa sababu huyo hakukata tiketi wala hakuulizwa kama anataka kuona. Ukilikubali hilo, yanayobaki ni kazi ya mikono: kupima, kukata picha, kuchapisha, kubandika, na kuzungumza na mtu vizuri.

Tuanze na sheria kidogo, maana hapa ndipo wenye mabanda wengi hujidanganya. Bodi ya Filamu Tanzania, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, hukagua filamu na kuipanga kwenye daraja la umri. Mwenye banda anayemwambia mtoto "hii ya kumi na nane, rudi kwenu", wakati mlangoni amebandika picha ya watu wawili kitandani, ameshamwonyesha bure kile kile alichokuwa anamzuia. Kanuni ya Adhabu nayo, kifungu cha 175, inapokataza kuonyesha hadharani vitu vya aibu, inataja mabango kwa jina, sambamba na picha na filamu. Si kila bango la kimahaba linafikia kuwa kosa la jinai, na mengi hayafikii. Ila mtu asikwambie bango ni karatasi tu, halina sheria.

Wala kulitenga bango na filamu si mambo ya washamba wa huku kwetu nyanda za juu. Mwaka 1946 huko Marekani, chama cha watengenezaji filamu kiliinyang'anya filamu ya Howard Hughes, The Outlaw, muhuri wake wa kibali. Filamu yenyewe ilikuwa imeshapitishwa miaka kadhaa nyuma. Kilichoiponza ni matangazo yake. Uingereza, mamlaka inayosimamia matangazo ikiona bango la barabarani lina ashki lakini halistahili kuondolewa kabisa, huweza kuagiza lisikae ndani ya mita 100 kutoka shuleni. Kipimo hicho ni kizuri na hakihitaji futi kamba. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo mita 100 ni hatua 130 na ushee. Toka kwenye geti la shule uhesabu mpaka mlangoni kwa banda, utajua umesimama wapi.

Mahali ndiko kwenye uzito kuliko picha yenyewe. Bango lililo kando ya barabara kuu ya TANZAM, ile iendayo Zambia, dereva anayepita Uyole huliona sekunde mbili tatu kisha limebaki nyuma. Lakini mtu anayesubiri daladala Kabwe, au bajaji pale Mafiati, au gari la Tukuyu pamoja na mizigo yake, hukaa mbele ya bango lile dakika kumi hadi nusu saa, na hakai peke yake. Mila za Wanyakyusa zinamtaka mkamwana amkwepe baba mkwe, asikutane naye hata uso kwa uso, kwa heshima tu. Sasa wasimamishe wawili hao kituo kimoja, chini ya picha ya mwanamke aliyevuliwa nusu ya nguo. Kila mmoja atatazama pembeni, na hakuna atakayesema neno. Huo ukimya wenye mabanda huusoma kama ridhaa, wakati ni fedheha. Kwa hiyo kituo cha daladala, lango la soko, njia ya shule, ya hospitali na ya nyumba za ibada: hapo bango la namna hiyo lisikae, hata kama ukuta ni wako.

Tazama pia kimo. Mtoto wa miaka sita au saba ana urefu wa mita moja na sentimita kumi na tano hivi, na macho yake yako kwenye mita moja na kidogo. Mabango ya mabanda yetu hubandikwa hapo hapo, kwa sababu kijana wa kubandika hafiki juu bila ngazi na hataki kuinama. Mtu mzima anayepita haraka huona vichwa vya watu na jina la filamu. Mtoto yeye hukutana na kiuno.

Hapa kuna kosa moja ambalo wengi hawalijui, na huwaumiza hata wenye nia njema. Mwenye banda anaandika "18+" kwa rangi nyekundu kwenye kona, anaamini amemaliza. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua la huku, ingawa mwili unasikia baridi, lina makali. Kwenye karatasi iliyotoka kwenye printa ya kawaida ya wino, nyekundu na njano ndizo hukimbia kwanza. Bluu na nyeusi hubaki. Baada ya wiki chache picha ipo, imegeuka ya kibuluu, miili inaonekana kama kawaida, na ile 18 nyekundu imeyeyuka. Onyo limekufa, picha bado iko hai. Andika umri kwa nyeusi juu ya mraba mweupe, tarakimu zenye kimo kisichopungua sentimita 5, ndipo mtu aliye ng'ambo ya barabara ya mita sita azisome bila kukodoa macho. Na usiiweke kona ya chini, maana ndiyo inayochanika kwanza.

Mvua nayo ina lake. Kuanzia Novemba hadi Aprili kuta zinalowa. Mabango hubandikwa kwa gundi ya unga wa ngano, jipya juu ya la zamani, mpaka ukuta unakuwa na ngozi ya matabaka sita au saba. Maji yakiingia, gundi inalainika, tabaka la juu linaning'inia, na asubuhi linachungulia bango la mwaka juzi ambalo kila mtu aliamini limeshaondoka. Mzazi anagomba, mwenye banda anaapa hajabandika kitu, na wote wawili wanasema kweli.

Sasa bango lenyewe. Mengi ya haya hayatoki kwa mwenye filamu. Kijana wa stesheni, yaani duka la kuchapishia, anapakua picha mtandaoni, anaunganisha uso wa filamu moja na mwili wa nyingine, anaandika jina kwa Kiswahili, anachapisha. Dada aliye pichani hajawahi kuulizwa, na pengine hata hayumo kwenye filamu. Mteja naye anaingia kutafuta alichokiona ukutani, hakioni, anatoka anatukana, kesho haji. Ukitaka kulijua bango la hovyo, funika jina la filamu kwa kiganja, kisha muulize mtu asiyeijua: hii inahusu nini? Akisema "kisasi", "mapenzi ya siri", "vita ya urithi", picha inafanya kazi. Akicheka tu na kutazama chini, umechapisha mwili, filamu hujaitangaza.

Kurekebisha ni rahisi na hakuongezi gharama. Picha ile ile ikatwe kuanzia mabegani kwenda juu: nyuso mbili zinazotazamana kwa hasira au kwa huba zinauza vizuri, na mtu akiziona kwa mbali anazitambua, kitu ambacho mwili mzima kwenye karatasi ndogo hauwezi. Kwa mlango wa banda, A2 inatosha, yaani sentimita 42 kwa 59. Theluthi ya chini iachie maandishi: jina, saa ya kuanza, bei, na daraja la umri kwenye ule mraba mweupe, juu ya jina. Mwambie kijana akuchapishie kwanza sampuli ya A4, uitazame ukiwa umesimama nje kwenye mwanga wa mchana, si kwenye kioo cha kompyuta. Vitu vinavyopita kirahisi kwenye kioo huonekana vingine kabisa vikiwa ukutani.

Tusiende upande wa pili tukapotea. Bango la wapenzi walioshikana mikono, la bibi harusi, la mwanamke aliyevaa gauni lake la kawaida, halina neno. Wapo wanaotaka kila mwanamke afutwe ukutani. Hao hawalindi watoto, wanauchukia mwili wa mwanamke, na hatuko nao. Kinachokataliwa hapa ni tendo la faragha kutandazwa njiani, na mwili kukatwa vipande ili uvute wateja.

Kwa filamu ambayo haina picha nyingine ila hiyo, bango liingie ndani. Nje weka ubao mweusi wenye jina, saa na umri kwa chaki. Ndani, ukishapita pazia na mkata tiketi, bandika utakavyo kwa kadiri ya daraja lililotolewa. Pazia liwe zito na lifike chini. Kanga inayopepea mlangoni haizuii kitu. Maduka ya kujaza muvi kwenye flashi yafanye vivyo hivyo: makava ya watu wazima yakae nyuma ya kaunta, migongo yake ikitazama mteja, si kwenye kioo cha mbele karibu na chipsi na pipi ambazo ndizo zinazomleta mtoto dukani.

Sauti ni mbaya kuliko picha, na hatuoni kwa nini watu huivumilia. Macho unaweza kuyageuza. Banda likitoa spika nje na mihemo ya filamu ikasikika mpaka kwa mama anayeuza ndizi, hakuna pa kukimbilia. Spika ya nje izimwe wakati filamu inaendelea, na runinga ya kuonyeshea vionjo igeuziwe ndani.

Kama wewe ni mzazi au jirani na bango liko ukutani, usilichane. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu hiyo hiyo, kifungu cha 326, na ukichana, kesi inahama kwake inakuja kwako. Usilipige picha ukalirusha kwenye magrupu ya WhatsApp ukisema "oneni uchafu huu", kwa kuwa hapo umelifikisha kwa watoto ambao hawakuwa wanapita njia hiyo. Piga picha moja ya kumbukumbu, isiyo na sura ya mtoto yeyote, ikae kwenye simu yako.

Nenda kwa mwenye banda mkiwa wawili au watatu, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Ukimfuata jioni mbele ya vijana wake, atalazimika kukubishia ili asionekane ameshindwa. Mwite kaka au mzee kama umri unavyotaka, mweleze nani anapita pale na saa ngapi, kisha mwombe jambo moja: aliingize ndani au abadilishe picha. Wengi hukubali hapo hapo, kwani nao wana watoto.

Akikataa, andika barua kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Barua nyingi hufia mezani kwa kuwa zinasema "mabango yanaharibu maadili ya jamii yetu" na kuishia hapo. Mtendaji hana la kwenda kukagua. Andika hivi: "Bango la filamu lenye ukubwa wa takribani A2 limebandikwa ukuta wa nje wa banda la video, kushoto kwa mlango, mita moja kutoka chini, hatua 60 kutoka geti la shule ya msingi. Linaonyesha mwanamume na mwanamke wakiwa nusu uchi kitandani. Tunaomba liingizwe ndani au libadilishwe ndani ya siku saba." Saini za wakazi kumi zinatosha. Chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, wiki ya pili utaambiwa barua haijaonekana.

Bango kubwa la nguzo lina njia nyingine. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya wakala wa barabara, TANROADS, na hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Barabara za mitaani ni za TARURA. Nguzo ikiwa ndani ya hifadhi, peleka barua kwa mwenye barabara, nakala halmashauri. Ukipeleka kwa asiyehusika utazungushwa mwezi mzima bila mtu yeyote kukufanyia ubaya.

Mkishakubaliana, msiache kazi nusu. Ule ukuta wenye matabaka unahitaji ndoo mbili za maji ya moto yaliyotiwa sabuni ya unga, brashi ya chokaa, na kisu cha fundi rangi. Paka maji, subiri dakika kumi na tano, paka tena, ndipo ukwangue kuanzia juu kwenda chini. Ukianza kukwangua pakavu utatoa plasta na mwenye ukuta atakudai. Gundi ya unga huachia yenyewe ikishalowa. Karatasi zikusanywe kwenye kiroba na kuchomwa siku hiyo hiyo, zisitupwe mtaroni, kwani watoto huziokota. Fanyeni Jumapili jioni, ili Jumatatu asubuhi ukuta uwe umekauka na mtupu.