Kishikwambi cha laini au cha Wi-Fi pekee?

SWALI: Ninafanya kazi ya ukaguzi wa majengo na ninataka kununua kishikwambi cha kusomea michoro na kujazia fomu nikiwa kazini. Kila ninachokipenda kinauzwa kwa namna mbili: chenye sehemu ya laini ya simu, ambacho bei yake imezidi, na cha Wi-Fi pekee. Muuzaji anasisitiza nichukue cha laini, lakini simu yangu ina bando la kutosha na ninaweza kuwasha hotspoti wakati wowote. Je, kuna sababu ya kulipa zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, kama ungekuwa unatafuta kishikwambi cha kutazamia filamu sebuleni, ningekujibu mara moja kwamba uchukue cha Wi-Fi. Kazi yako ndiyo inayonifanya nisite, na kinachonitia wasiwasi si intaneti bali GPS.

Katika iPad, kipokezi cha GPS huwekwa kwenye matoleo yenye laini tu. Toleo la Wi-Fi hukadiria mahali lilipo kwa kutambua mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani, njia inayofaa katikati ya majengo yanayokaliwa. Lakini kwenye kiwanja ambacho jengo ndiyo kwanza linainuka, kile kitone cha buluu kwenye ramani huenda kikasimama barabara ya pili au kisionekane kabisa. Kwa vishikwambi vya Android hali ni tofauti, kwani vingi vya Wi-Fi pekee vina GPS na vingine havina, kwa hiyo soma orodha ya sifa za kifaa chenyewe, usitegemee maneno ya dukani. Tena GPS hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja na haihitaji bando: ukishapakua ramani mapema, itafanya kazi hata kama hujaweka laini yoyote. Anayenunua iPad ya laini kwa ajili ya GPS tu, asiweke laini humo hata siku moja, mimi sioni kama amekosea.

Kuhusu hotspoti, inatosha kwa watu wengi, ila ina tabia zake. Siku moja niliiwasha ili nifungue mchoro mmoja tu. Kishikwambi, kwa kuona kimeunganishwa na Wi-Fi, kikadhani kiko nyumbani: kikaanza kusasisha programu na kupandisha picha za wiki nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kabla sijamaliza kuukuza mchoro ule, ujumbe wa kuniarifu kwamba bando limekwisha ulikuwa umeshaingia. Dawa yake ni kuweka mpangilio wa kubana data kwenye mtandao huo mmoja. Android na iPad zote zina chaguo hilo ndani ya mipangilio ya Wi-Fi. Ujue pia kwamba simu inayogawa intaneti hupata joto na betri yake huisha upesi, na ikizimika unabaki huna mtandao wala simu. Kampuni nyingine za simu huiwekea hotspoti kikomo chake, hata ndani ya kifurushi kinachoitwa kisicho na kikomo.

Hoja kwamba chenye laini kitakuwa simu yako ya pili usiipokee hivihivi. iPad hutumia laini yake kwa data tu na haipigi nayo simu za kawaida. Vya Android vipo vinavyopiga na vipo visivyopiga. Ukiamua kuchukua cha laini, hakikisha kinapokea masafa ya kampuni yako ya simu, na kumbuka kwamba iPad Pro na iPad Air zilizotoka mwaka 2024 hazina tundu la laini, bali hutumia eSIM pekee, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi ya kuchomeka.

Modemu, yaani ile sehemu ya laini ya simu, haiongezwi baada ya kununua. Hata hivyo, kukosa intaneti kuna njia ya kutokea, kwa kuwa ruta ndogo ya mfukoni hufanya kazi hiyo vizuri bila kuimaliza betri ya simu. Kukosa GPS ni tabu zaidi: vipokezi vya nje vya Bluetooth vipo, lakini hicho ni kifaa kingine cha kuchaji na cha kusahau nyumbani.

Kwa hiyo fungua fomu zako kabla ya kulipa, uone kama zinadai kurekodi mahali ulipo au mahali picha ilipopigwa. Zikidai, na moyo wako uko kwenye iPad, muuzaji yuko sahihi, ingawa pengine si kwa sababu aliyokupa. Ukipenda Android, tafuta cha Wi-Fi chenye GPS. Zisipodai, chukua cha Wi-Fi, pakua michoro yako kabla ya kutoka asubuhi, na ile tofauti ya bei iweke kwenye hifadhi kubwa zaidi, hasa ukichagua iPad, ambayo haina tundu la kadi ya kumbukumbu.