Uliza Saisi: Farasi saba, kila mmoja na vituko vyake

SWALI: Habari yako mwalimu. Nimeajiriwa usaisi, yaani kutunza farasi, kwenye shamba moja huku Naivasha, farasi ni saba, na kabla ya hapo mimi nilikuwa mtu wa ng'ombe wa maziwa kwaiyo hii kazi ni mpya kabisa kwangu. Hawa farasi wana vituko! Kuna jike mwekundu ukimfunga mkanda wa tumbo anageuka kukuuma. Kuna maksai wa kijivu akiniona tu na halta (ile mikanda ya kichwani ya kumwongozea) mkononi anakimbia mpaka mwisho wa padoki, yaani uwanja wao wenye uzio. Mwingine anafungua komeo la banda kwa midomo usiku anaenda stoo ya chakula. Na kuna mzee wa miaka 24, hei (majani makavu) yote unayompa lazima aichovye kwenye maji kwanza, ndoo inageuka tope. Wenzangu wananiambia chapa wataacha. Nianzie wapi?

JIBU: Karibu kwenye kazi ndugu yangu. Nimefurahi sana kusoma barua yako manake umeshawajua mmoja mmoja, kuna watu wanakaa na farasi miaka na hawajui nani anachovya nini. Hiyo fimbo iache ukutani. Farasi akiwa na kituko, swali la kwanza ni kama anaumwa, la pili ni kama ana njaa au anaogopa, na mambo ya ukaidi yaje mwisho kabisa, na mara nyingi hutafika huko.

Tuanze na huyo jike. Tumbo la farasi ni dogo ukilinganisha na mwili wake na linatoa asidi saa 24, awe anakula au hali. Kinachopoza hiyo asidi ni mate, na mate yanatoka pale anapotafuna, basi. Sasa mkimpa hei saa kumi na mbili jioni ikaisha saa tatu, akakaa mkavu mpaka asubuhi, afu mkampa nafaka kidogo na kumtandika hapo hapo, asidi inarukaruka inachoma ule upande wa juu wa tumbo ambao hauna kinga, na ndo vidonda vya tumbo vinapoanzia. Na mkanda unakaza karibu na hapo hapo. Wewe mwenyewe ungeuma mtu. Hakikisha hakai muda mrefu bila majani, na kabla ya kumtandika mpe hei kidogo atafune wakati unampiga brashi. Afu pitisha vidole taratibu nyuma ya kiwiko pale mkanda unapolala, utafute uvimbe au magamba, kisha bonyeza mgongo pande zote mbili za uti, ukiona ngozi inaruka au anazamisha mgongo ujue panauma. Kwa vile yeye ni mwekundu angalia pia kama kuna vipande vya nywele nyeupe chini ya tandiko, hizo mara nyingi ni alama za tandiko lililombana siku za nyuma. Na mkanda usikazwe kwa mkupuo, funga tundu moja, mtembeze, ongeza lingine, mtembeze tena. Akiendelea kuuma na umeshafanya haya yote, mwambie bosi aite daktari wa mifugo.

Wa kijivu hesabu yake ni rahisi: halta ikija ni kazi, kwaiyo anaikimbia. Kwa muda uwe unaenda padoki na halta bila kumpeleka kokote. Usimfuate uso kwa uso, nenda kwa ubavu, akianza kuondoka simama na geuka pembeni, akikuangalia rudi nyuma hatua moja. Ukimfikia mkune pale shingo inapoishia mgongo unapoanza, ndo pale farasi wenyewe kwa wenyewe wanapokunana, na akikunwa hapo mapigo yake ya moyo yanashuka. Mvalishe halta, mkune, mvue, ondoka zako. Ukifanya hivi bila kukata tamaa utashangaa siku moja anakuja mwenyewe getini.

Huyo mwizi wa stoo ni akili nyingi na kazi kidogo, lakini usimchukulie kama kichekesho kwa sababu farasi akila nafaka ya gunia zima usiku mmoja anaweza kupata koliki, yaani maumivu makali ya tumbo, au laminaitisi, ule uvimbe wa ndani ya kwato, na zote mbili zinaua. Weka komeo la pili chini kabisa ya mlango usawa wa mguu wako, midomo haifiki huko. Mlango wa stoo nao uwe na kufuli. Na mpe kitu cha kufanya, hei kwenye wavu wenye matundu madogo itamchukua masaa.

Mzee wa miaka 24 mwache achovye. Meno ya farasi yanaendelea kutoka na kusagika maisha yake yote mpaka siku moja hayapo tena, na yeye amejitafutia dawa mwenyewe, hei iliyolowa ni laini. Angalia chini anapokulia, ukikuta vitonge vya majani vilivyotafunwa nusu na kutemwa, ukubwa wa kidole gumba hivi, basi meno yanamsumbua na anahitaji mtu wa kuyakwangua. Mwekee karai lake la kuchovyea na ndoo nyingine ya maji safi ya kunywa, manake farasi mkubwa anakunywa kama lita 25 mpaka 50 kwa siku na wengi hawagusi maji machafu.

Kwa kuwa umetoka kwenye ng'ombe kuna jambo nataka ulisikie vizuri. Usiwape farasi chakula cha ng'ombe wala cha kuku hata siku moja, hata kama cha kwao kimeisha. Baadhi ya vyakula hivyo vimewekwa dawa inaitwa monensini, ng'ombe haimdhuru kwa kipimo chake, lakini farasi inamharibu moyo na kidogo tu kinatosha kumuua. Mahindi yaliyoota ukungu pia, ng'ombe anaweza kuyavumilia, farasi yanamla ubongo, anaanza kuzunguka ovyo na kugonga ukuta na hapo ushachelewa. Na kama shambani kuna miti ya parachichi wasile majani yake.

Asubuhi kabla hujamwaga chakula simama kwanza uwaangalie tu. Mavi ya usiku ni mengi kama kawaida? Hei imeisha? Nani kasimama peke yake kichwa chini? Kwato zichokolewe kila siku, fundi wa kwato aje kila wiki sita mpaka nane. Mkiwalisha hei nje padokini weka mafungu manane kwa farasi saba na yakae mbali mbali, kwa sababu mbabe wa kundi atamfukuza mnyonge, na mnyonge akifukuzwa awe na fungu la kukimbilia.

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Sisi tunatembeza wageni na farasi ufukweni Diani. Kuna mmoja anagoma katikati ya safari, anageuza kichwa anatazama ubavu wake, anakwaruza mchanga na mguu wa mbele, baada ya muda anakuwa sawa. Mwenye farasi anasema ni uvivu. Kuna mzee hapa ametushauri tummiminie mafuta ya kupikia kwa chupa. Ni sawa?

JIBU: Waaleikum salaam. Hapana, hapana, chupa muiweke chini! Farasi hawezi kutapika na ukimmiminia kitu kwa nguvu kinaweza kuingia mapafuni, utamuua kwa nia njema. Mafuta akihitaji, daktari anapitisha mpira puani mpaka tumboni na anajua anachofanya.

Huo si uvivu, hayo ni maumivu ya tumbo, na kwa farasi wa pwani mimi namshuku mchanga kwanza. Mkimwaga hei chini anameza mchanga kila siku, unajaa kwenye utumbo mkubwa, ukiwa mwingi unakwaruza na hata kuziba. Pima hivi: chukua mavi yake mapya, vidonge vichache vya juu visivyogusa ardhi, weka kwenye chupa ya kioo au ndoo angavu ya maji, koroga mpaka yasambaratike, acha yatulie robo saa hivi. Majani yataelea na mchanga utakaa chini, utauona na ukiupapasa utausikia kwenye vidole. Usipouona usiseme yuko salama, rudia siku nyingine.

Hei iwe kwenye hori au juu ya mkeka, na iwe nyingi, kwa sababu majani ndo yanayousukuma mchanga utoke. Chumvi ya kulamba iwepo muda wote na joto lile, farasi anatoa jasho jingi na jasho lake lina chumvi nyingi kuliko letu. Akijigaragaza, akitoka jasho amesimama tu, akikosa kabisa kunya, au ukihesabu mapigo chini ya taya yake (kuna mshipa pale ndani ya mfupa, weka vidole viwili) ukapata zaidi ya 60 kwa dakika wakati kawaida ni 28 mpaka 44 akiwa ametulia, ni dharura, mpigie daktari saa hiyo hiyo na mwondoleeni chakula. Na huyo mwenye farasi msomeeni hii.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti niko West Kilimanjaro, nimepewa farasi wa miaka mitatu nimfundishe kuongozwa. Nikivuta kamba na yeye anavuta, nikivuta zaidi anainua kichwa anarudi nyuma. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukishindana nguvu na mnyama wa kilo 400 umeshindwa kabla hujaanza. Farasi hajifunzi pale unapovuta, anajifunza pale unapoacha kuvuta. Kaza kamba kidogo tu, usimvute kwa kushtua, baki hivyo hivyo, subiri. Siku ya kwanza hata akisogeza uzito mbele bila kunyanyua mguu, legeza papo hapo, na nasema papo hapo kwa sababu ukichelewa hata sekunde mbili tatu atakuwa ashawaza kitu kingine na hajui umemshukuru kwa lipi. Rudia. Baadaye legeza kwa hatua moja, kisha mbili. Jaribu pia kumvuta kidogo kwa upande badala ya mbele, itabidi ahamishe mguu ili asimame vizuri, nawe unalegeza. Dakika kumi zinatosha, acha wakati amefanya vizuri. Kamba usiizungushe mkononi hata kama ni mpole, akikurupuka itakukata vidole.

SWALI: Farasi wangu akinusa mkojo wa wenzake anainua kichwa na kukunja mdomo wa juu kama anacheka. Anaumwa?

JIBU: Haumwi. Anapeleka ile harufu kwenye kiungo maalum kilicho juu ya kaakaa lake, anasoma habari za mwenzake. Ila akifanya hivyo mara nyingi bila kunusa chochote, mwangalie tumbo na meno.

SWALI: Mwalimu mambo, niko Nanyuki, mvua zimenyesha sana na pundamilia wanakuja kulala karibu kabisa na farasi wetu. Jirani kasema wataleta ugonjwa. Ni kweli?

JIBU: Jirani yako ana hoja. Ugonjwa wa farasi wa Afrika unaletwa na kirusi kinachobebwa na usubi, wale wadudu wadogo sana wanaouma jioni na alfajiri, na baada ya mvua wanazaliana vibaya. Pundamilia anakuwa nacho damuni na haonekani mgonjwa, usubi unamuuma yeye kisha unamuuma farasi wako. Kufukuza pundamilia peke yake haitasaidia, usubi utabaki. Chanjo ipo, ongea na daktari wa mifugo mapema manake ni vizuri ipigwe kabla ya msimu, sio katikati. Ingiza farasi ndani kabla jua halijazama na watoke jua likishapanda, madirisha yawe na wavu wa matundu madogo sana, na madimbwi ya matope karibu na banda yafukiwe.

Pima joto kila jioni uandike kwenye daftari, kila farasi na ukurasa wake, ikipita 38.5 mwangalie kwa ukaribu. Angalia vile vishimo viwili vilivyo juu ya macho, kwa farasi mzima vimebonyea, na vikijaa ghafla vikavimba, au akianza kuhema kwa shida, usisubiri asubuhi. Mtoe kwenye kazi yoyote, asipandwe, asikimbizwe, moyo wake hauwezi. Na hata homa ikishuka apumzike wiki kadhaa mpaka daktari mwenyewe aseme sasa arudi kazini.