Zawadi ya Idi kwa mtoto mwenye usonji

*Shangazi, shikamoo. Mdogo wangu ana mtoto wa kiume wa miaka 6, ana usonji (autism). Haongei, ila ana maneno machache anayoyarudiarudia. Idi iliyopita nilimpelekea gari la polisi la betri, lina king'ora na taa. Lilipowashwa tu alipiga kelele, akaziba masikio na kukimbilia chini ya kitanda. Baadaye alishinda akizungusha mifuniko ya sufuria sakafuni. Mdogo wangu hakusema kitu, lakini niliona kaumia. Safari hii nataka kumnunulia tableti yenye programu ya kufundisha kuongea. Je, nitakuwa nimepatia?*
*Mama Mkubwa, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Barua yako imejaa mapenzi kwa huyo mtoto, na jibu limo humo humo, kwenye ile mifuniko ya sufuria.

Nadhani ulipomwona akiizungusha ulihisi zawadi yako imedharauliwa. Mimi namwona mtoto anayejua anachokipenda: vitu vinavyozunguka. Basi anzia hapo. Mafundi seremala huchonga pia, vile vichezeo vya mbao vya kuzungusha kwa vidole. Mchukulie mbili tatu za rangi tofauti. Hata seti ya mifuniko mipya ya bati, iwe yake mwenyewe asiyonyang'anywa wakati wa kupika, ni zawadi kamili. Na kama ana kitu anachokipenda kimechakaa, mnunulie kingine kile kile, rangi ile ile. Kwako utaona umerudia, kwake ni furaha tupu.

Gari lile usilichukulie kuwa kosa. Watoto wengi wenye usonji husikia, huona na huhisi kwa ukali kuliko sisi, na king'ora kinachotuudhi sisi kidogo wao kinawaumiza kweli. Lakini hawafanani. Mwingine angelikumbatia gari hilo mpaka betri ziishe. Ndiyo maana huwezi kuuliza dukani "cha mtoto mwenye usonji kipi?" Muulize mama yake: anapenda kushika nini, anakimbia nini, anatia vitu mdomoni?

Hilo la mdomoni lina uzito, maana wapo wanaoendelea kutafuna na kumeza vitu hata wakishapita umri wa miaka iliyoandikwa kwenye boksi. Betri ndogo za duara, zile kama kifungo, zikikwama kwenye umio zinaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Sumaku ndogo mbili zikimezwa huvutana tumboni na kutoboa utumbo. Vya namna hiyo viache dukani.

Tableti sasa. Wapo watoto wasioongea ambao hubonyeza picha na kifaa kikawasemea, na kwao ni msaada mkubwa. Ila hilo hupangwa na mtaalamu wa tiba ya usemi akiwa na wazazi. Kama mtoto ana mtaalamu, uliza anatumia nini, umchangie hicho siku yoyote ya mwaka. Kwa Idi, hapana. Watoto wengine wa ukoo unawapelekea mpira na wanasesere wafurahi, huwapi somo. Naye apewe cha kufurahia.

Najua na nguo ya sikukuu itakuja tu, kwetu Idi bila nguo mpya haijawa Idi. Chagua kanzu ya pamba laini isiyo na darizi nzito shingoni, kata lebo yote mpaka kwenye mshono, kisha ifue mara kadhaa wanga uishe. Mpelekee mapema aizoee. Akiikataa siku yenyewe, avae fulana yake ya kila siku na pilau aile kwa raha zake.

Kutoa kwenyewe kuna namna yake. Washtukize watoto wengine, yeye usimshtukize: mtumie mama yake picha ya zawadi siku mbili kabla, amwonyeshe. Usiifunge kwa karatasi ya kuchakarisha, wala usimpe katikati ya wageni wanaopiga makofi. Ukifika, kaa mkekani karibu naye, izungushe pia moja kimya kimya, iache. Atakuja, au hatakuja mpaka umeondoka. Usimlazimishe kubusu mkono wala kusema asante, na akipenda boksi kuliko kilichomo, mwachie boksi.

Mdogo wako naye usimsahau. Akikubali, na mtoto akishakuzoea, jitolee kubaki naye alasiri moja mama yake alale au aende kusuka. Kabla ya hapo mwambie akuonyeshe anavyomtuliza akizidiwa na kelele, na chumba gani hukimbilia. Siku ya Idi hakikisha chumba hicho hakijajazwa mabegi ya wageni.