Muziki wa Kutuliza Akili: Niliocheza Kilimani, na Pa Kuanzia

Tangu Ijumaa ile nilipocheza muziki kwenye mkahawa mmoja pale Kilimani, Nairobi, simu yangu haijatulia. Mmoja anauliza jina la yule dada wa kinubi. Mwingine anataka kujua mzee wa saksafoni ni nani, na kama bado yuko hai. Ujumbe ulionigusa zaidi umetoka kwa dada mmoja wa Ruiru anayefanya kazi zamu ya usiku. Anasema akirudi asubuhi usingizi haumjii, na kila akitafuta muziki wa kutuliza mtandaoni anapewa sauti ya mvua na piano ile ile inayojirudia hadi inamkera. Ameomba orodha.

Orodha nitaitoa. Lakini ninaowaandikia nawajua. Ni watu wa aina yangu, mnaotaka masikio yenu yaende mbali kuliko pale redio inapoishia, na wengi wenu mnatamani siku moja kusimama nyuma ya meza ya DJ na kucheza mnachokipenda bila kuomba radhi. Kwa hivyo mtanivumilia nieleze kwanza nilikotoka hadi Kilimani.

Miaka kadhaa iliyopita, hoteli moja katikati ya jiji iliniita nicheze jioni ya Jumapili. Nilijiandaa wiki nzima. Nikaanza polepole, vinanda na sauti za kuvutwa, hakuna ngoma wala maneno. Hata nusu saa haikuisha. Meneja alitoka kaunta akiwa na kitambaa cha kufutia meza begani, akapita nyuma yangu, akashika kitufe kikubwa cha sauti kwa vidole viwili, akakizungusha taratibu hadi mwisho. Spika zikanyamaza. "Bwana DJ," akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "wateja wanauliza kama tumefiwa." Watu wakacheka. Kijana wa pale akachomeka simu yake, rumba ikaanza, mimi nikainama kukunja nyaya zangu. Malipo yangu yalikatwa nusu, na nusu hiyo sijaiona hadi leo.

Nimesamehe? Bado. Ijumaa ya Kilimani, nilipokuwa naunganisha mitambo, jicho langu moja lilikuwa kwa aliyesimama kaunta.

Usiku ule niliporudi nyumbani Umoja, kaka yangu ndiye aliyemalizia. "Si nilikwambia? Huo ni muziki wa wazungu." La meneja liliniuma, lakini la kaka ndilo lililonifanya nitafute majibu, na majibu niliyoyapata ni mazito kuliko nilivyotarajia.

Mwaka 1944, jijini Cairo, Mmisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodi kwa waya wa chuma, akaenda kunasa sauti za wanawake kwenye sherehe ya zaar, ile ya kupunga pepo. Akarudi studio akaanza kuichezea sauti yenyewe: akaongeza mwangwi, akaondoa huku na kubakiza kule, mpaka nyimbo za wale wanawake zikawa ukungu unaotembea. Vitabu vingi huanzia hadithi ya muziki wa kuchezea sauti zilizorekodiwa Paris mwaka 1948, kwa Mfaransa Pierre Schaeffer. Cairo ilikuwa imetangulia kwa miaka minne. Francis Bebey wa Cameroon, mwandishi na mwanamuziki aliyeishi Paris, alikaa nyumbani kwake akichanganya mashine za kupiga ngoma na sanza, ala ndogo ya kupigwa kwa vidole gumba, pamoja na filimbi za mbilikimo. Kazi zake za 1975 hadi 1982 zilikusanywa kwenye santuri moja mwaka 2011, na ukizisikia leo utadhani zimetengenezwa mwezi uliopita. Halafu yuko Hailu Mergia wa Ethiopia. Mwaka 1985, akiwa Marekani, alirekodi peke yake albamu ya kodiani, kinanda cha Rhodes na sinthesaiza ya Moog, mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme. Albamu ikasahaulika, naye akawa dereva wa teksi Washington. Kinanda chake kidogo alikiweka kwenye buti, na akingoja abiria uwanja wa ndege alikitoa akafanya mazoezi. Mwaka 2013 albamu ile ilitolewa upya na dunia ikamgeukia. Madereva wa Nairobi mnaokaa foleni uwanja wa ndege wa JKIA, huyu ni wenu. Mtafuteni.

Kaka nilimsomea hayo yote mezani. Hakusema kitu, akaomba chumvi.

Tuje nyumbani, maana huku ndiko ninakowaambia watu waanzie. Ukisikia jina KMRU, huyo ni Joseph Kamaru, mjukuu wa Joseph Kamaru yule wa nyimbo za Kikuyu, mzee aliyefariki 2018. Kama kwenu kulikuwa na redio, babu ulimsikia. Mjukuu amezaliwa Nairobi na sasa anaishi Berlin, na kazi yake ni kutembea na kinasa sauti, kuokota milio ya mahali, kisha kuikalia hadi igeuke muziki. Albamu yake *Peel* ilitoka mwaka 2020. Hiyo ndiyo iliyonifungua. Wimbo wa mwisho unapita dakika ishirini, na mwanzoni huna hakika kama umeanza. Sauti inaingia kwa mbali, inakaa, na baada ya dakika tano unagundua kuna nyingine chini yake, nzito zaidi, iliyokuwepo muda wote. Niliisikiliza usiku, majirani wakiwa wamezima televisheni, mvua ikigonga mabati ya choo cha nje, na nilishindwa kutofautisha mvua na albamu. Sikutaka kutofautisha.

Mwaka 2024 akatoa *Natur*, kipande kimoja cha zaidi ya dakika hamsini, kilichojaa milio ya umeme ambayo sikio peke yake haliwezi kuipata. Tangu niisikilize siwezi kupita chini ya transfoma ya stima pale kona ya kwetu bila kusimama. Ina noti yake. Juu ya noti hiyo kuna ukwaruzo mdogo unaokuja na kupotea, na jioni watu wakiwasha vifaa vyao unaongezeka. Nilikuwa nimepita pale miaka yote nikidhani ni kelele tu. Ukitaka kujua muziki huu unamfanyia mtu nini, ni hicho: unakurudishia mtaa wako ukiwa na vitu vingi kuliko ulivyoviacha.

Mwingine wetu ni Nyokabi Kariũki. Tafuta *peace places: kenyan memories*, ya 2022. Ni fupi. Kuna shamba la cũcũ wake, yaani nyanya yake, humo ndani, kuna mbuzi, kuna sauti za watu wakizungumza jinsi tunavyozungumza tukiwa nyumbani bila wageni. Mama yangu, ambaye hana subira na mambo yangu haya, aliposikia sehemu ya shamba aliuliza, "Huyo ni nyanya ya nani?" akakaa hadi mwisho. Mwaka uliofuata Nyokabi alitoa *FEELING BODY*, kuhusu ugonjwa wa Covid uliokataa kumtoka. Hiyo si ya kulalia. Isikilize ukiwa na nguvu.

Kwa wanaohitaji mdundo, Coco Em, DJ wa hapa hapa Nairobi, alitoa *Kilumi* mwaka 2022. Hiyo ni ya saa nne usiku kwenda mbele, na leo sipo huko.

Sasa Kilimani. Nilianza saa moja jioni na Hiroshi Yoshimura wa Japani, albamu yake ya kwanza ya 1982, *Music for Nine Post Cards*. Kinanda kimoja, noti chache, na nafasi kubwa katikati ya noti. Niliicheza chini sana, mashine ya kahawa ikiizidi kila inapotoa mvuke, na hilo lilikuwa kusudi langu. Muziki wa aina hii haushindani na chumba. Ukilazimisha usikike kuliko vikombe, umeuua. Baada ya hapo nikaweka Nala Sinephro, mzaliwa wa Ubelgiji anayeishi London, ambaye hupiga kinubi na sinthesaiza. Hiyo ndiyo mliyoniuliza. Albamu inaitwa *Endlessness*, ya 2024, vipande kumi vinavyopokezana mfululizo mmoja wa noti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kufikia kipande cha nne, yule kijana wa kahawa alikuwa ameacha kugonga kile kijiko cha mashine ubaoni. Alikuwa anakipangusa kwa mkono.

Hapo nikajua ninaweza kuweka *Promises*, yote, dakika arubaini na sita bila kukata. Ni kazi ya 2021 ya Floating Points, mtayarishaji wa muziki wa Uingereza, na mzee Pharoah Sanders, mpiga saksafoni wa Marekani, pamoja na okestra ya London Symphony. Noti saba tu za kinanda zinazorudi na kurudi, na mzee akija juu yake anapojisikia, mara kwa saksafoni, mara kwa mdomo mtupu akinong'ona. Alikuwa na miaka themanini albamu ilipotoka, na akafariki Septemba 2022. Kwa hivyo ndugu uliyeuliza, hayuko tena, na hii ndiyo albamu kubwa ya mwisho aliyotuachia. Katikati, okestra ilipopanda, niliinua macho. Meza ya watu wanne waliokuwa wakibishana kuhusu siasa walikuwa kimya, na mmoja wao alikuwa amelaza simu kifudifudi mezani na kuifunika kwa kiganja. Hakuna aliyeuliza kama tumefiwa. Mwenye mkahawa alinilipa kabla sijafunga mtambo na kuniuliza tarehe nyingine.

Nasema haya kwa fahari na sitaificha. Muziki ni ule ule niliozimiwa. Spika zilikuwa ndogo kuliko zile za hoteli. Kilichobadilika ni kwamba nilimpata mwenye chumba anayejua anachokitaka, na nikakubali kungoja mpaka nimpate. Wewe unayejaribu kuingia katika kazi hii, usipunguze muziki wako ili utoshee mahali pasipokutaka. Ngoja. Tafuta chumba kingine.

Dada wa Ruiru, wewe mpango wako ni rahisi. Ukifika nyumbani asubuhi, funga pazia, weka Yoshimura sauti ikiwa chini hata kuliko unavyodhani inafaa. Ikiisha bado uko macho, weka *Ritual* ya Jon Hopkins, ya 2024. Ni safari moja ya dakika arubaini na moja, lakini katikati inapanda kwa ngoma nzito, kwa hivyo hiyo iwe ya siku ambayo mwili umechoka lakini kichwa bado kina hasira za kazini. Itazitoa. *Peel* iache ya siku ya mapumziko. Na uachane na zile orodha za mtandaoni za usingizi. Nyingi hazina hata jina la mtu unayeweza kumtafuta, na muziki usio na mtu nyuma yake hauwezi kukutunza.

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu nawapenda. Tunakula muziki bila kutafuna. Mtu anaruka wimbo kwa sekunde kumi kwa sababu haujaanza kupiga, kisha analalamika kwamba akili yake haitulii. Akili itatuliaje na kidole hakitulii? Sikiliza albamu nzima. Keti, usiipikie chapati, usiifulie nguo, angalau mara ya kwanza. Tumia hedifoni za waya kama unazo, hata za bei ya chini za maduka ya Luthuli, kwa sababu bluetooth hubana sauti na muziki huu unaishi kwenye zile sauti ndogo ndogo zinazobanwa. Usijaribu ndani ya matatu. Besi ya matatu itashinda. Halafu rudia albamu ile ile kesho yake. Mara ya pili ndipo utasikia. Nimesema sikiliza nzima, na narudia: nzima.

Na ununue. Wengi wa hawa wako Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao wenyewe, na mimi hulipa kwa kadi ya mtandaoni niliyoifungua kupitia M-Pesa. Tangu Machi 2020 kuna baadhi ya Ijumaa ambazo Bandcamp huacha kuchukua fungu lake ili zaidi imfikie msanii. Mimi hungoja siku hizo na kununua moja. Unayemsikiliza bure kila siku kwa mwaka mzima, halafu unashangaa kwa nini amehamia Berlin, jiulize kidogo.

Kwa wale wanaotaka kutengeneza wenyewe, kuna shule hapa Nairobi iitwayo Santuri, hufundisha utengenezaji wa muziki wa kielektroniki, na humo utakutana na watu wanaosikia unachosikia. Huna pesa ya darasa? Anza na kinasa sauti cha simu. Rekodi genge la mama mboga saa kumi na mbili jioni, rekodi makanga wa Donholm akiita abiria, punguza kasi mpaka nusu, usikilize kilichobaki.

Tarehe ya Kilimani ni mwisho wa mwezi ujao, saa moja jioni, na seti hiyo nataka nusu yake iwe kazi za watu wa Nairobi ambao bado hawajasikika popote. Nitumieni mlicho nacho, hata kama hakijakamilika. Dakika tano zinatosha, na nitaisikiliza yote kabla ya kujibu.