Kikundi cha Jumatatu, Mkopo wa Ijumaa: Maswali Yenu na Majibu Yangu

Barua za mwezi huu karibu zote zinadai mtaji. Moja imeuliza zabuni, nikafurahi peke yangu kama mwehu. Nyingine imeuliza habari ya kazi bila mwandishi wake kujua kwamba ndiyo aliyouliza. Naanza na zile za kila siku ili tuzimalize.

SWALI: Shikamoo Anti. Nasikia ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri imerudi. Naomba namba ya simu ya mhusika anisaidie. (Mama Mapacha, Mbagala)

JIBU: Marahaba. Namba sina, na hata ningekuwa nayo nisingekupa, maana kwenye neno "anisaidie" ndipo mlipolizwa safari iliyopita. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023, baada ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonesha mabilioni ambayo hayajarejeshwa na vikundi ambavyo havipo, ikarudi 2024 na kanuni mpya. Mlango ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako. Nendeni na katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki na andiko la mradi mliloliandika wenyewe, si lile la stationery ambalo kikundi cha mtaa wa pili wanalo vilevile hadi makosa ya tahajia. Maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni.

Halafu wewe uko Temeke. Ukisikia redioni "Jiji la Dar es Salaam limetoa mikopo", hilo ni lile lililokuwa Manispaa ya Ilala, si fungu lenu. Kila halmashauri inakopesha kutoka kwenye mapato yake ya ndani: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

SWALI: Riba yake ni asilimia ngapi? (Msomaji, Kahama)

JIBU: Hakuna riba. Sheria ya mikopo hii ilipopitishwa 2018 riba haikuwepo, na leo haipo. Anayekudai "ya kushughulikia faili" anaomba rushwa. TAKUKURU ni 113, na kupiga ni bure.

SWALI: Kuna ukurasa una picha ya Rais, wanataka elfu 25 ya fomu ndipo wakuwekee mkopo kwenye simu. Ni wa kweli? (Wawili tofauti, Mwanza na Iringa)

JIBU: Wezi.

SWALI: Anti, tuko marafiki watano. Tumesajili kikundi cha sabuni ya maji na tumeomba milioni 10. Ukweli ni kwamba kila mtu ana biashara yake: mmoja mama lishe, wawili wanauza mitumba, mmoja ana saluni, mimi nina genge. Tukipata tutagawana milioni mbili mbili. Kuna ubaya? (Katibu, Morogoro)

JIBU: Ubaya upo, na umeuanika mwenyewe uliposema "ukweli ni kwamba".

Tufanye mmepewa mrejeshe kwa miezi 12. Milioni 10 bila riba ni kama 833,000 kwa mwezi kwa kikundi, yaani karibu 167,000 kwa kila mmoja. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, kila siku unatakiwa kutenga shilingi 6,400 na ushee kutoka kwenye faida, si kwenye mauzo, kabla hujanunua daftari la mtoto. Genge lako linakuachia hiyo? Hukuniambia, na nahisi hujui, kwa sababu ungekuwa unajua ungeanza na hesabu hiyo badala ya hesabu ya kugawana.

Sasa mwezi wa nne mwenye saluni anahamia Dodoma kumfuata mumewe. Deni halihami naye. Mlisaini watano, kwa hiyo linabaki kwenu wanne. Mwezi wa sita mmoja wa mitumba anapata msiba. Hapo ndipo urafiki wa miaka unaishia kwenye ofisi ya mtendaji, na mimi naletewa barua ya pili yenye herufi kubwa.

Na siku ya ukaguzi mtaonesha sabuni gani? Nimeshaona kikundi kimeazima madumu ya jirani yajazwe maji yenye povu, mwenyekiti anaeleza mchanganyiko huku dumu moja bado linanuka mafuta ya taa. Afisa aliandika "mradi unaendelea vizuri". Wote pale walikuwa wanajua, na wote walikuwa wanacheka. Vikundi hewa vya CAG havikuanguka kutoka mbinguni.

Nitasema na jambo ambalo hukuliuliza. Utaratibu wenyewe unawasukuma kudanganya. Serikali inataka kikundi kwa sababu hamna hati ya nyumba ya kuweka rehani, kwa hiyo dhamana ni nyie wenyewe kwa wenyewe. Sawa. Lakini genge haliendeshwi na kamati. Mwanamke mmoja anaamka saa tisa usiku kwenda sokoni, hawaendi watano. Mipango inayojua kuhesabu vikundi tu itaendelea kuletewa vikundi, vya kweli na vya kuazima.

Kwa mtaji wa mtu mmoja mmoja, kikoba kinawafaa zaidi: mnanunua hisa, na vikoba vingi vinakopesha hadi mara tatu ya hisa zako, kati ya watu wanaojua genge lako liko wapi. Halmashauri muiendee mkiwa na kazi ambayo kweli haifanyiki na mmoja: mashine ya kukamua alizeti, tanuri la mkate, shamba la pamoja. Kama sabuni ndiyo hiyo, basi tengenezeni sabuni. Anzeni na dumu moja mwezi huu kabla hamjapewa senti.

SWALI: Mbona sisi wanaume hamtukopeshi? (Baba Shufaa, Tanga)

JIBU: Kijana ana asilimia 4 yake, mwenye ulemavu ana 2 yake. Kama huna nafasi kote huko, kaanzishe kikoba. Hakuna katiba inayokataza baba kununua hisa.

SWALI: Nilikopa laki tatu kwa jamaa mtaani. Kila wiki nampelekea elfu 30 na deni halipungui. Kadi yangu ya benki na kitambulisho cha NIDA anavyo yeye. Nikipata mkopo wa halmashauri nimlipe? (Mama lishe, Tabata)

JIBU: Hapana, dada yangu. Utakuwa umehamisha shimo, na safari hii ukiwa na wenzako ndani.

Hiyo ndiyo kausha damu yenyewe. Elfu 30 kwa wiki juu ya laki tatu ni asilimia 10 kila wiki. Kwa taasisi ndogo za fedha zisizopokea amana, kikomo kilichowekwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu yako hiyo ni shilingi 10,500 kwa mwezi mzima. Na huyo jamaa lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Mwombe akuoneshe, mbele ya mtu.

Fanya hivi kesho asubuhi: nenda benki, kadi ifungwe, utoe nyingine na namba ya siri mpya. Kisha kaa uandike tarehe na kiasi cha kila ulichokwisha kumpelekea, hata kwa kukisia kutoka kwenye jumbe za simu. Halafu peleka karatasi hiyo kwa WLAC au TAWLA, wanawake wanasaidiwa kisheria pale bila malipo, mjue kwa maandishi kilichobaki ni kiasi gani. Usimkimbie usiku, maana kukopa ulikopa. Lakini kitambulisho chako si mali ya kuwekwa rehani, na akikataa kukirudisha hiyo ni habari ya polisi.

Na kabla mwingine hajaniandikia kwamba yeye ameepuka watu wa mtaani kwa sababu anakopa kwenye simu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na kibali. Ndizo zile zinazomtumia shemeji yako ujumbe kwamba wewe ni tapeli.

SWALI: Anti, nashona kiwandani hapa Dar mwaka wa sita sasa. Mshahara mdogo, mkataba sijawahi kuuona, NSSF wanakata ila sijui wanapeleka wapi, na nilipojifungua nilipewa mwezi mmoja. Nimechoka. Nataka niandike barua ya kuacha kazi nijiunge na kikundi nipate mkopo wa cherehani. Nianzie wapi? (Fundi, Ubungo)

JIBU: Anzia kwa kutoandika hiyo barua.

Umeuliza mkopo, lakini unachodai hapa ni haki yako ya kazi, tena ni nyingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Uzazi ni siku 84 za malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni za ziada na zina bei yake. Mchango wa NSSF, yaani wa pensheni yako, ni asilimia 20 ya mshahara, na kwako hawaruhusiwi kukata zaidi ya 10. Ingia kwenye simu au fika ofisini kwao uangalie mwezi kwa mwezi kama kinachokatwa kinafika.

Sasa hiyo barua. Mwajiri akikuachisha baada ya mwaka mmoja na zaidi, sheria inakupa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimiza, hadi miaka 10. Ukiacha mwenyewe kwa hasira, hicho humdai. Umemzawadia. Kwa hiyo kaa kwenye cherehani ya kiwanda, kusanya hati zako za mshahara, picha ya ratiba ya zamu, chochote. Nenda TUICO, ndicho chama cha wafanyakazi wa viwanda, na uwaambie wenzako msiende mmoja mmoja. Madai yakishindikana ndani yanakwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na CMA wana saa yao: siku 30 kwa aliyeachishwa, 60 kwa madai mengine. Hilo la uzazi, kama limepita muda, waulize TUICO kabla hujakata tamaa.

Linaloniudhi si wewe. Ni kwamba nchi nzima imefundishwa kwamba mwanamke mwenye shida dawa yake ni mkopo. Unajua kushona, miaka sita, kwa kasi ya kiwanda. Ukichukua cherehani ya deni ukae barazani Ubungo ukipunguza suruali za watu, utahesabiwa kwenye ripoti kama mwanamke "aliyewezeshwa". Ukipata mkataba na siku zako 84, hutahesabiwa popote, na maisha yako yatakuwa bora kuliko ya yule wa kwenye ripoti. Mikopo ile inawalenga wasio na ajira rasmi. Mwajiri wako amekuficha vizuri kiasi kwamba ukifika kata watakuona unafaa.

SWALI: Mradi mmoja wa wafadhili ulitupa semina tatu za ujasiriamali, fulana na daftari. Mtaji hatujauona. Tuwadai? (Kikundi cha akina mama, Lindi)

JIBU: Mlisaini karatasi ya mahudhurio; mtaji ni wapi mlipoahidiwa kwa maandishi? Kama hakuna, hamna la kudai. Mtakapoitwa semina ya nne, ulizeni kabla ya chai: wale wa mwaka juzi wako wapi leo, na wanamuuzia nani? Mwezeshaji akianza kugawa makaratasi ya rangi, mmeshapata jibu.

SWALI: Kikundi chetu kinashona sare za shule. Tunaweza kuomba kazi za serikali au ni za makampuni makubwa? (Mwenyekiti, Njombe)

JIBU: Hatimaye. Mnaweza, na sheria iko upande wenu: taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, mkiwemo wanawake. Kikundi kisajiliwe, kithibitishwe na halmashauri, kisha kiingie kwenye NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni. Zabuni hazipelekwi tena kwa bahasha. TIN, namba ya mlipakodi, ni bure, msimlipe mtu. Onyo moja: serikali inalipa, ila inachelewa. Msichukue oda ya sare 800 kwa kitambaa cha kukopa kwa yule jamaa wa Tabata. Chukueni 100, muone hundi inachukua miezi mingapi.

SWALI: Habari dada. Niko Likoni. Kwa chama chetu cha akina mama, Hustler Fund ama Women Enterprise Fund? (Mama Mboga)

JIBU: Salama. Huko kwenu Kenya, Hustler Fund iliyoanza Novemba 2022 ina riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ila kwa mtu binafsi kiwango cha kuanzia ni kidogo. Kinatosha kununua sukuma za wiki, friji hakinunui. Kwa chama, ulizieni ile ya wanawake ya tangu 2007. Na chukueni cheti cha AGPO, mpango wa kuwatengea zabuni za serikali wanawake, vijana na wenye ulemavu. Nyie pia mna asilimia 30 yenu ya zabuni, na wanaoifaidi mara nyingi ni kampuni za waume wa watu zilizoandikwa majina ya wake.

SWALI: Natengeneza pilipili, nafungasha kwenye chupa za pombe nilizookota baa nikazichemsha. Supamaketi wanataka alama ya ubora ya TBS. Nitauza shamba? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Acha shamba. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya utambulisho. Kwa mjasiriamali mdogo TBS hawatozi gharama za alama kwa miaka mitatu ya mwanzo. Ila watakuja jikoni kwako. Umeniambia unafungasha kwenye chupa za pombe ulizookota baa ukazichemsha. Zitoe hizo kabla hawajafika, ununue chupa mpya zenye kifuniko cha kuziba, na uandike tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye lebo, si kwenye kumbukumbu zako.